Kabureta ya Shemeji

Asubuhi ya nne mfululizo pikipiki ya Bartholomeo iligoma. Ulikuwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita pale Igowole hauna masihara: ukungu unalala juu ya mashamba ya chai mpaka saa tatu, na mtu akisalimia moshi unamtoka mdomoni. Alivuta choki, akapiga kiki. Akapiga tena. Kufika ya ishirini alikuwa amevua koti, na Mwalimu Devota, abiria wake wa kila siku, alikuwa ameshapanda boda nyingine bila hata kuaga.

Ilipokubali, ilikubali kwa hasira. Kila alipoachia mafuta kwenye mteremko, bomba la moshi lililipuka, paa! paa!, hadi wachuma chai wakainama. Wenzake kijiweni wakambatiza Mzee wa Mabomu. Alicheka nao, lakini ndani alikuwa anachemka, kwa sababu alishajua nani wa kumlaumu.

Alikuwa anamlaumu Jailos, fundi wa pale sokoni, mume wa Bertha, dada yake wa pekee. Mwezi mmoja nyuma Jailos aliishusha kabureta ya pikipiki hiyo, akaisafisha, akairudisha, na hata soda hakutaka. Kwa mtu mwenye akili zake timamu, shemeji wa namna hiyo ni baraka. Kwa Bartholomeo ulikuwa ushahidi. Fundi gani siku hizi anafanya kazi bure?

"Umenyofolewa, kaka," alisema Benjamini, boda mwenzake aliyehamia kutoka Mbeya. "Wanachukua orijino, wanakupachikia feki. Huo mchezo kwetu nimeuona mpaka nimechoka."

Toka hapo Bartholomeo hakulala vizuri. Pikipiki ya Jailos iliwaka kwa kiki moja; kwa nini iwake kwa kiki moja kwenye baridi hii? Jumapili baada ya misa Jailos alimshika mkono akacheka, akamsalimia shemejiye kwa lugha ya nyumbani, "Kamwene mlamu, chombo kinasemaje?" Kwa nini aulize? Asingeuliza, Bartholomeo angejiuliza kwa nini hakuuliza. Akishafika hapo mtu huwa haponi kwa urahisi.

Angeweza kwenda kumuuliza, yakaisha. Lakini shemeji haitwi mwizi usoni, na Bartholomeo alijiona mwerevu kwa kutafuta njia ya nyuma. Alhamisi, akijua Jailos yuko kazini, alikwenda kwa Bertha.

"Dada, lile sanduku lake la spana akirudi nalo, lifungue. Tazama chini kabisa. Ukikuta kabureta imefungwa kitambaani, niambie."

"Unamwita mume wangu mwizi?"

"Sijasema mwizi. Nimesema tazama."

Bertha alifuta mikono yake kwenye kanga. Miaka tisa ya ndoa, na hakuwahi kuligusa sanduku lile ila kulisogeza akifagia. Siku mbili baadaye akatuma ujumbe kwenye simu: Hakuna kitu. Mwenye nia njema angemshukuru Mungu. Bartholomeo aliusoma ujumbe mara mbili, akasema peke yake, "Basi ameshaiuza."

Akaamua kwenda Mafinga, kwa fundi asiyemjua yeyote Igowole. Alielekezwa kwa Atuganile, mama wa Kinyakyusa mwenye ovaroli na kilemba, gereji yake iko nyuma ya stendi. Atuganile hakugusa hata boliti moja.

"Inagoma ikiwa ya moto au ya baridi?"

"Ya baridi, mama."

"Sasa umeniletea imetoka kukimbia njia yote hiyo, injini inachoma mkono. Nitaona nini? Iache ilale hapo nje. Kesho saa kumi na mbili uwe umefika."

Bartholomeo alilala gesti huku akiiwaza pikipiki yake. Huyu naye je, akiinyofoa usiku? Alirudi kabla hata ya muda, akakuta umande umeganda kwenye kiti.

Atuganile alianza na plagi. Aliitoa, akailaza juu ya injini, akapiga kiki. Cheche ilitoka ya buluu, yenye nguvu. Akachomoa mpira wa mafuta: petroli ilishuka vizuri. Kisha akaishusha kabureta, na Bartholomeo akasogea mpaka akamzibia mwanga.

"Hiyo ndiyo feki," alisema.

"Nani kakwambia?" Atuganile aliifuta kwa kitambaa, akamwonyesha alama ubavuni. "Hii imetoka nayo kiwandani. Na aliyeisafisha ana mkono mzuri, vitundu vyote viko wazi. Mtu kama huyo mimi ningemwajiri."

Bartholomeo alitamani aambiwe kuna kasoro ndogo mahali, chochote cha kumlaumu Jailos.

Atuganile hakuwa na habari naye. Alikuwa ameuona ule mpira mnene unaounganisha kabureta na injini. Aliukunja kwa kidole gumba, ukafunguka nyufa tele. Akarudisha kabureta na plagi, akaomba kipande cha sabuni, akakisugua kwenye nyufa zote mpaka zikaziba, akapiga kiki. Ya tatu ikawaka, ikatulia.

"Umeona? Ilikuwa inavuta upepo hapa. Injini ya baridi inataka mafuta mengi, yenyewe inapewa upepo, itawakaje? Na ukiachia mafuta mteremkoni upepo unazidi, petroli haiungui ndani, inakwenda kuungulia kwenye bomba. Ndiyo hayo mabomu yako." Akaunusa mpira. "Lakini huu umeokwa. Chombo kinalala wapi?"

"Jikoni."

"Karibu na moto?"

Bartholomeo alikohoa. Baridi ilipoanza kuuma, siku chache tu baada ya Jailos kuirudisha kabureta, alianza kuiegesha pembeni ya mafiga, ubavu wa injini ukitazama makaa, ili iamke ina joto. Evarista, mke wake, alilalamika. Bartholomeo alimjibu kwamba hajui mambo ya pikipiki.

Atuganile alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Petroli jikoni! Baba, shukuru bado una nyumba."

Aliweka mpira mpya uliopatikana alasiri, na Bartholomeo akarudi Igowole bila mlio hata mmoja. Aliona aibu, lakini aliona na nafuu: hakumwita mtu mwizi usoni, na Jailos hakujua lolote. Alinyoosha moja kwa moja kwa Bertha, akamkuta anapakua viazi, akamsimulia yote mpaka sabuni.

"Kwa hiyo dada, mumeo hana kosa. Yameisha."

Bertha hakuinua kichwa. "Yameisha kwako."

"Kivipi?"

"Alinikuta. Mikono yangu imo ndani ya sanduku. Hakunigombeza, hakuuliza hata natafuta nini. Ila toka siku hiyo akirudi analiweka mezani, analifungua, anasema pekua kwanza ndipo tule. Nikikataa, hali." Aliweka mwiko chini. "Nimekuwa nampekua mume wangu kila jioni, Batho."

Mlango ulisukumwa. Jailos aliingia na sanduku begani, mikono ingali na oili. Alimwona mgeni, akamtazama Bertha, akaelewa. Au alikuwa ameelewa siku nyingi.

"Kamwene mlamu," alisema kwa upole. Akamvutia kiti.

"Mlamu, kumbe ulikuwa mpira," Bartholomeo alianza, "mimi mwenyewe ndiye niliye..."

Jailos alikuwa ameshafungua sanduku. Safari hii hakuligeuzia upande wa Bertha. Alilisogeza mpaka likagusa magoti ya Bartholomeo, akaanza kutoa spana moja moja na kuzipanga mezani ili chini kuonekane vizuri.

"Pekua," alisema. "Chakula kinapoa."