Meli Isiyobeba Bunduki

Sitaki mtu aniambie mzee tulia. Nina miaka themanini, nimetulia vya kutosha.

Mwaka ule wa 2002 mwanangu Elkana alinitoa Kisii akanileta kwake Pearland, nje kidogo ya Houston. Nilikuta nyumba kubwa na mwenyewe amekonda. Kila siku alitoka amefunga tai. Wiki ya pili mkewe, Kwamboka, akasimama mlangoni akiongea na ukuta, maana kwetu mkamwana hamkazii macho baba mkwe.

"Baba, kampuni yao ya mafuta ilianguka mwaka jana. Siku hizi anaosha wazee kwenye nyumba ya kuwatunza kule Houston. Uniform anavalia ndani ya gari. Watu wa kanisani hawajui. Hali, halali. Juzi ameniambia heri afe kuliko yule Severin wa kanisani amwone na beseni la choo."

Nilikasirika, lakini si na Elkana. Mficha uchi hazai, na mwalimu wa kuficha nilikuwa mimi.

Miaka hamsini na saba niliwaambia watoto wangu kwamba nilipigana Burma nikaua Wajapani saba. Uongo mtupu. Nilikuwa kwenye meli ya hospitali. Kabla ya vita ilibeba matajiri wa Kizungu. Vita vilipoanza ikapakwa rangi nyeupe na misalaba mikubwa myekundu ubavuni, ukumbi wa dansi ukajazwa vitanda. Ndani hapakuruhusiwa bunduki hata moja. Meli nyingine zilizima taa zikajificha. Sisi tulisafiri taa zote zikiwaka, adui atuone vizuri kuwa ni hospitali, asitupige. Kazi yangu ilikuwa kuosha wagonjwa na kumwaga mabeseni. Niliporudi nyumbani nani angetaka kusikia hayo? Kwetu mwanamume haoshi mavi ya mtu. Basi nikajipa bunduki.

Mwezi wa Novemba kanisa letu, Wakenya na Wakongo pamoja, likataka kuniheshimu kama askari wa zamani. Maneno aliyaandika Elkana. Pasta Nathanaël akayasoma: shujaa wa Burma, Wajapani saba. Makofi yakapigwa. Nikaomba maikrofoni. Elkana akanishika mkono wa koti.

"Baba, kaa."

Sikukaa.

"Sikuua mtu," nikawaambia. "Niliosha watu."

Nikawaeleza meli ile bila kuacha kitu. Vijana wanaohara damu, wanaomlilia mama kwa lugha kumi. Namna tulivyotumia shuka kumgeuza aliyeungua moto, wawili huku na wawili kule, meli ikiyumba, ngozi yake isichubuke. Siku moja ndege ya adui ilituzunguka mara tatu. Sikuwa na pa kujificha wala cha kumrushia. Nilikuwa namsafisha mtu makalio. Niliendelea kumsafisha mpaka akatakata.

"Kama huo si uanaume," nikasema, "nielezeni uanaume ni nini."

Halafu Severin, yule Mkongo mwenye maneno mengi, akacheka chini kwa chini.

"Papa, alors, kumbe vita yako yote ilikuwa ya vyoo tu?"

"Yote. Na safari moja tu, wagonjwa mia nne walishuka Mombasa wakiwa hai. Wewe umeshusha wangapi?"

Watu wakacheka, na hawakunicheka mimi. Lakini macho yangu yalikuwa kwa Elkana. Alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtoka. Nikaogopa kuliko siku ile ya ndege. Kama angetoka kwa mlango ule, ningekuwa nimemwongezea aibu nyingine juu ya ile aliyokuwa nayo, na nisingempata tena.

Aliinuka. Nikajua anatoka. Akaja mbele, akachukua maikrofoni mkononi mwangu, na mkono wake ulikuwa baridi.

"Mimi pia ndiyo kazi yangu," akasema. "Mwaka mzima nimewadanganya kwamba naenda ofisini. Naosha wazee. Nawabadilisha nepi, nawalisha, nawafumba macho wakifa. Leo naingia saa tisa, na nitatoka hapa nimevaa uniform."

Akamgeukia Severin.

"Na wewe utazeeka, ndugu yangu. Siku hiyo ikifika, omba Mungu unikute niko zamu."