Vifaranga Wakinyamaza

Mama mkwe alikuwa na sheria moja ya ufugaji, na aliirudia mpaka kuta za banda zikaijua: kifaranga akilia ana baridi, akinyamaza ameridhika. Kwa sheria hiyo alikuwa amefuga kuku tangu ujanani na kumsomesha mwanawe, basi nani angembishia? Labda mwingine, si mkamwana wake, bibi harusi wa juzijuzi ambaye hata chumvi ya mchuzi aliiongeza kwa kuomba ruhusa.

Baridi ya msimu ule haikuwa na adabu. Jiko la mkaa liliposhindwa kuwapasha vifaranga joto, mume, kabla hajasafiri kikazi, aliazima hita ya gesi: bomba nene la chuma, moto ndani, feni nyuma ya kusukuma joto. Fundi wa gesi aliyekuja kuifunga alimweleza mkamwana, maana mama mkwe alikuwa ameshampa kisogo.

"Mtungi ukae nje, wima. Kabla ya kuwasha, pakeni povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Mkiona linatoa viputo, gesi inavuja, msiwashe. Mdomo wa hita usielekezwe kwenye maranda haya ya mbao ya sakafuni. Na madirisha haya yabaki wazi, dada. Moto huu unakula hewa ileile mnayovuta ninyi. Mkiziba, ni sawa na kulala na jiko la mkaa chumbani, na hutanusa kitu."

Tangu siku hiyo mkamwana hakuwa na raha. Alipaka povu asubuhi, akalipaka tena mchana. Feni ikibadili mvumo kidogo tu, alikimbilia bandani. Mama mkwe alimcheka: "Mwanangu, wewe hii hita utaizaa!"

Kisha upepo ukaja. Asubuhi hiyo mkamwana alipoingia bandani alikuta madirisha yameshindiliwa magunia, na mama mkwe amekaa juu ya debe akisokota jingine la kuziba chini ya mlango.

"Mama, yule fundi alisema..."

"Fundi amelea vifaranga wangapi? Hawa wamelia tangu alfajiri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nenda kaoshe vyombo vya maji."

Mkamwana akayameza maneno yake. Akavikusanya vyombo, akaenda zake bombani, nyuma ya nyumba. Huo ndio ugonjwa wetu: tunaita heshima kitu ambacho ni woga mtupu.

Aliosha huku sikio liko bandani. Mwanzoni aliwasikia vifaranga wakilia, na mama mkwe akiwagombeza kama kawaida yake, "Haya, haya, mnataka nini tena?" Baadaye kilio kikapungua. Kisha kikaisha kabisa, ikabaki feni peke yake.

Wameridhika, akajiambia, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakalegea. Mama alikuwa sahihi, bwana. Akachukua chombo kingine, akakisugua, akakisuuza, na hapo ndipo mkono ulipomganda chini ya maji. Vifaranga wamenyamaza, sawa. Lakini mama mkwe je? Mwanamke yule hata usingizini aligombana na watu.

"Mama!" aliita. "Mama ee!"

Feni tu ndiyo iliyomjibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulimpiga kifuani. Alikimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Alipopita kwenye mtungi alifunga koki, ingawa kwanza aliizungushia upande usio wake. Akausukuma mlango. Gunia likaukamata kwa chini. Akausukuma tena kwa bega, huku analia.

Mama mkwe alikuwa amelala ubavu juu ya maranda, kifaranga mkononi, uso umetulia kama wa mtu aliyependezwa na jambo. Uso ule ulimtisha kuliko kitu chochote maishani mwake. Alibana pumzi, akamshika makwapani, akamburuta hadi uani, kwenye upepo uleule uliozibiwa magunia.

"Mama, vuta hewa. Nakuomba, mama. Nigombeze!"

Alimtikisa, akampiga mashavu, yale mashavu ambayo asingethubutu kuyagusa. Jirani alisikia makelele, akaja mbio, akarudi mbio kutafuta gari. Mkamwana alibaki amempakata, akimsikilizia pumzi puani, akijuta kila neno alilolimeza. Hatimaye mama mkwe alikohoa. Akatapika. Akafumbua macho mazito, akashika kichwa chake na kuguna.

Mkamwana aliangua kilio cha mtoto. Alitamani kumkumbatia na kumfokea papo hapo.

Upepo ulikuwa unaingia bandani kwa mlango uliobaki wazi. Wengi wa vifaranga hawakuinuka tena. Lakini pembeni, karibu na mlango, mmoja akalia kwa sauti nyembamba, akafuatwa na mwingine, kisha wengine kadhaa.

Mama mkwe aliwasikia. Akajaribu kuinua kichwa.

"Wanalia," alinong'ona. "Wana baridi. Kafunge mlango, mwanangu."

Mkamwana alimrudisha kichwa mapajani pake na kumshikilia.

"Sifungi, mama," alisema. "Waache walie."