Kitambaa Chekundu kwenye Mbungo

Mimi Scola sidanganywi kirahisi. Mwanamume mzima na viatu vyake vya ngozi anapanda kilima cha juu ya Bangwe kila asubuhi, eti kuangalia mbungo! Anapima shina, anahesabu mabungo, anaandika. Halafu anakaa kimya saa nzima kutazama nyani wanavyokula.

Mbungo ule ndio unaonilisha. Marehemu mama alinionyesha mimi tu. Nakamua juisi, namuuzia Shadia wa Ujiji, wanangu wanakwenda shule.

"Unatafuta nini hapa, baba?" nikamuuliza.

"Shikamoo, mama. Naitwa Nehemia, nachunguza mimea. Mbungo mkubwa hivi sijauona kokote huku."

Nikaitikia marahaba kwa mdomo tu. Ala! Mali yangu anaisifia ya nini?

Jumatatu nikakuta kafunga kitambaa chekundu shinani. Moyo ukanilipuka paa! Sisi wachuma matunda tuna kawaida yetu: ukiufanya mti kuwa wako, unafunga fundo la nyasi shinani, na mwenzako hagusi. Fundo la mama nilikuwa nalifunga upya kila msimu. Huyu kaweka lake juu ya langu!

"Hicho usikiguse, mama," akasema. "Kinaulinda. Ngoja nikueleze..."

Anieleze nini, mwizi mkubwa? Nikamgeuzia mgongo.

Alipoteremka tu, nikakifungua kile kitambaa, nikakifunga kwenye mkaratusi uliokuwa kando yake. Haya, chukua huo, mjanja wewe! Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani Mwandiga.

Alhamisi nikapanda na ndoo yangu. Kabla sijafika nikasikia msumeno wa mashine. Vijana walikuwa wanasafisha njia ya bomba la maji, na mbungo wangu ulikuwa chini, utomvu mweupe unachuruzika, mabungo mabichi yametapakaa kila mahali. Nikapiga yowe.

Msimamizi wao, Dismasi, akaja mbio. "Pole, mama. Tuliambiwa tuache mti wenye kitambaa chekundu tu, bomba litauzunguka. Yule bwana Nehemia kawabembeleza wakubwa wiki mbili nzima kwa ajili yake. Si ule pale?"

Akanionyesha mkaratusi. Ulikuwa umesimama peke yake, haujaguswa hata tawi.

Niliitua ndoo, nikausogelea. Kitambaa kilikuwa shinani bado, kimezungushwa mara mbili na ncha imechomekwa ndani, vile vile mama alivyonifundisha kufunga.