Fomu za Hajambo

"Mimi mgonjwa wangu namjua mpaka upande wa godoro anaolalia," Mutunga alisema, na kwa kuwa watu walicheka, akaongeza: "Nikimkuta kageukia upande mwingine, naandika kwenye fomu."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha watoto wa nasari, magoti yamemfika kidevuni. Wote kumi na wawili walikaa hivyo hivyo, wahudumu wa afya wa kujitolea wa mitaa ya Tena na Umoja, kwa sababu Mradi wa utafiti wa ukimwi ulipoazima darasa hilo haukukumbuka kwamba watu wazima wana miguu. Mutunga alivaa tisheti ya Mradi yenye namba saba mgongoni. Namba hiyo aliiomba mwenyewe siku ya kugawiwa, akasema yeye ni winga wa mpira. Nje mvua ya Elnino ilikuwa inamwaga tangu alfajiri. Kwenye benchi la mlangoni walikaa wageni watatu waliokuja na shida zao, na hao hakuwatazama. Mchekeshaji humtazama anayecheka.

Walikuwa wakisubiri jambo moja. Mwaka wa tisini na saba ulikuwa unaisha, na pesa za utafiti wa Mradi zilikuwa zimeombwa upya ng'ambo. Kama zingekuja na fungu la wahudumu, kungekuwa na glavu, jiki ya kuulia viini, sabuni na vidonge vya maumivu vya kuwapelekea wagonjwa wa ukimwi majumbani. Kama sivyo, basi. Mama Kageha, mkubwa wao kwa umri, alikuwa akiwaosha wagonjwa tangu Septemba kwa mifuko ya mkate, ameivaa mikononi na kuifunga kwa mpira wa nywele. Alikuwa nayo minane. Jioni aliifua na kuianika kambani kama soksi za mtoto.

Bwana Wathome wa ofisi ya Mradi aliingia akikung'uta mwavuli. Habari ni njema, alisema. Pesa zimepita. Utafiti unaendelea miaka miwili zaidi, gari jipya liko njiani, na matokeo ya kwanza yatasomwa kwenye mkutano mkubwa huko Ulaya.

"Na glavu?" Mama Kageha akauliza.

Wathome akafungua faili. Fungu la vifaa limeondolewa. Wafadhili wamesoma ripoti, wakaona halina haja.

"Kwa sababu wagonjwa wenu hawajambo, Mama. Mmefanya kazi nzuri. Tazama hapa, kwenye safu ya Hali ya Mgonjwa: hajambo, hajambo, hajambo. Karibu ukurasa mzima."

Darasa likachemka. Mmoja aliuliza hao hawajambo wanaishi Tena ipi, kwa maana ile anayoijua yeye alizika watatu mwezi mmoja. Mutunga akasimama. Kiti kilimng'ang'ania makalioni mpaka akakivua kama suruali, na safari hii hakuna aliyecheka. Hata yeye hakutaka. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni, na ilikuwa hasira ya kweli.

"Bwana Wathome, nikuulize. Mtu akikwambia hujambo, wewe unamjibu nini?"

"Sijambo."

"Hata ukiwa umevunjika mguu?"

"Si ni salamu tu?"

"Umesema mwenyewe. Mgonjwa akiwa anakata roho, mwambie hujambo, atakwambia sijambo. Hiyo ni adabu, si ripoti. Sasa nyinyi mmechukua adabu za watu mkazipandisha ndege mpaka Ulaya, mkapewa gari. Huyu mama anaosha vidonda kwa mifuko ya mkate. Nyinyi kila mwezi mko hotelini kwa semina, mnatafuna kuku mkijadili njaa yetu, halafu sisi mnatutupia tisheti. Ukimwi unavalishwa tisheti? Na hata sabuni ya kuifulia hiyo tisheti mmetunyima."

"Waambie, Mutunga," sauti zikasema nyuma yake.

Akahisi darasa zima liko mgongoni mwake, likimsukuma mbele. Akaendelea.

"Na huyo aliyejaza hajambo ukurasa mzima ni nani? Tuambieni. Kama si mjinga ni mvivu. Mtu aliyeingia ndani akakaa kando ya mgonjwa kitandani, mkono wake hauwezi kuandika neno hilo."

Wathome alipekua karatasi bila haraka. "Majina hatuandiki. Ni namba za tisheti tu." Akalamba kidole, akafunua nyingine. "Nyingi ni za namba saba."

Mutunga hakuhitaji kugeuka ajue walio nyuma yake wanasoma nini mgongoni mwake.

"Sawa," akasema. "Sawa. Glavu zangu ziliisha Septemba. Mlitaka niingie na mikono mitupu? Nina watoto wa dada yangu nyumbani. Lakini nilipita. Mvua yote hii, kila wiki nilipita."

"Ni kweli alipita," alisema msichana wa kwenye benchi.

Alisimama, beseni la bluu la Mradi kifuani. Alikuwa Nasima, binti wa Bi Muhiba, wa ploti ya nyuma ya soko. Alikuja kulirudisha.

"Ulipita, kaka Mutunga. Jumatano, tarehe kumi na tisa Novemba. Ulisimama getini na mwavuli ukaita, 'Hodi, Mama hajambo?' Mama tulikuwa tumeshamzika Jumatatu. Nyumba imejaa akina mama wa matanga, na mmoja asiyekujua akakuitikia hatujambo. Ukasema, basi salimieni. Mimi nilikuwa dirishani. Nilikuona umeegemeza fomu ukutani, unaandika."

Wathome aliupata ukurasa. Hakuusoma kwa sauti. Aliugeuza tu, ili waliokaa mbele wajionee tarehe, na neno lililokuwa kando yake.

"Nasima, sikiza," Mutunga akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilikosa siku hiyo, nakubali. Lakini mama yako nilimhudumia tangu Mei. Namjua."

"Nilikusikia hapo mwanzo ukiwachekesha watu. Eti unajua mpaka upande wa godoro." Hakuwa na haraka, wala hakupaza sauti. "Alikuwa akilalia upande gani?"

Mutunga aliitafuta ile siku ya Mei aliyoingia ndani: kitanda, pazia la maua, Bi Muhiba akijikongoja ampishe mgeni mahali pa kukaa.

"Wa ukutani," akasema.

Nasima aliliweka beseni kwenye meza ndogo ya nasari, mbele ya Mutunga.

"Godoro lilirowa Oktoba, likaoza, tukalitupa. Mama amefia mkekani."