Karavani Mbili za Yiti

Nyumba ya Mahfoudha kule Mabela, Uarabuni, haina saa za wageni. Asubuhi birika ipo, mchana sinia ipo, magharibi birika inarudi tena, na mlango wa mbele hufungwa pale tu watu wanapokwenda kulala. Anayetaka kujua nani kaposwa, nani karudi kwao na mabegi, nani kamtukana mkwewe mbele za watu, haendi kwengine. Sasa mtu wa namna hiyo umchukue, umtie ndani ya karavani ya kukodi, kijumba cha magurudumu cha kuvutwa na gari, ufukweni Yiti, mvua siku ya pili haikatiki, halafu umwambie achunge mdomo. Hayo ndiyo aliyofanyiwa.

Na aliyemfanyia ni binti yake wa mwisho, Bashayer, mwenye miaka thelathini na moja. Kulikuwa na kijana, Saud, wanafanya kazi ofisi moja, na huyo Saud alitaka kuposa. Mara mbili huko nyuma Bashayer alishafika hapo hapo, na mara zote mbili mambo yakavunjika. Safari hii wenyewe wakaona bora mama zao wajuane kwanza, bila ya majlis, kikao cha wazee, wala watu wa kusimamia maneno. Mama yake Saud, Umm Saud, kila mwaka baridi ikiingia huvuta karavani yake kutoka bara mpaka Yiti akakaa wiki mbili. Basi Thani, kaka yake Bashayer, akakodi nyengine, akaiegesha hatua ishirini kutoka pale. Ijumaa wapike pamoja, wanywe kahawa, wazoeane. Ndiyo hesabu yao. Alkhamisi usiku mawingu yakaja kutoka baharini, alfajiri wadi, mto mkavu usiojaa ila kwa mvua, ikashuka na mawe, na barabara ya kurudi mjini ikafungwa.

Ndani ya gari, siku walipokuwa wanakwenda, Bashayer alimgeukia mama yake.

"Mama, moja tu nnakuomba. Khabari ya figo usiitaje."

"Kwani mimi mtoto?"

"Saud anajua, na kakubali. Atamwambia mamake mwenyewe, kwa wakati wake, akishanizoea. Wale wengine wawili waliposikia tu walikimbia."

"Haya, nishasikia."

"Mama, nnakujua."

"Nishasikia, Bashayer! Unataka nishike msahafu?"

Miaka minne nyuma mafigo ya Mahfoudha yalikufa yote mawili. Wanawe watano walipimwa, na la Bashayer ndilo lililokubali. Alilitoa. Hakulia, hakudai shukrani, akarudi kazini baada ya wiki sita. Daktari alisema ataolewa, atazaa, hana tatizo. Lakini daktari hakai kwenye baraza za wanawake, na huko ilishasemwa kwamba mwanamke wa figo moja mimba itamuua, na akipona basi atakuwa mtu wa hospitali maisha yake yote.

Kwa hivyo Mahfoudha aliingia Yiti na mdomo wake umefungwa vizuri. Tabu ilikuwa hiyo karavani. Ijumaa nzima turubai la mbele lilikuwa likijaa maji mpaka linaning'inia kama tumbo la ng'ombe, Thani anatoka na fimbo ya fagio analisukuma kwa chini, maji yanamwagika yote mlangoni. Juu ya kitanda palikuwa na tundu la kupitishia hewa, linavuja, wakaweka ndoo. Zulia lilinuka mbwa, na mbwa hawakuwa naye. Ukitaka kwenda chooni lazima wenzio wakunje miguu. Thani na Saud walishinda nje na majembe, wanachimba mifereji kuzunguka magurudumu, na Bashayer akawa nao, kavaa koti la kaka yake, anacheka. Mahfoudha alimwona kwa dirishani akicheka vile na moyo wake ukafurahi, kisha ukamwuma, maana hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Umm Saud? Yule alikuja mara moja na mwavuli, akakaa ukingoni mwa kiti, akauliza hali, akajibiwa, akasema alhamdulillah, akaangalia ndoo. Maneno yake unayahesabu kwa vidole. Mahfoudha alimrushia mada saba, za harusi, za wafanyakazi, za bei ya samaki, na zote saba zikaanguka sakafuni. Alipoondoka, Mahfoudha alikuwa hoi kuliko aliyebeba mawe.

Jumamosi asubuhi mlango uligongwa. Alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kajifunika mfuko wa plastiki kichwani, mkononi bakuli la harisa, ngano iliyopondwa na nyama, limefunikwa sahani.

"Salaam aleikum. Madam ametuma hii," alisema kwa Kiarabu cha kazini, akielekeza kichwa karavani ya Umm Saud. Mguu ukamteleza kwenye ngazi, akashika mlango, na kikamtoka Kiswahili: "Woi! Hii mvua itaniua!"

Mahfoudha aliinuka kama kapakwa pilipili.

"We! Unasema Kiswahili?"

"Eh! Na wewe pia, mama?"

"Mimi? Mimi nimezaliwa Unguja, mwana we! Ingia, ingia, utakufa na baridi. Jina lako nani?"

"Pauline. Natoka Bungoma."

"Polini, kaa. Vua hilo plastiki lako. Hebu chukua chai."

Basi ikawa karamu. Pauline alikuwa mcheshi, wa kuiga watu. Alimwiga Umm Saud anavyohesabu vijiko kabla ya kulala, alimwiga Saud anavyotembea na simu yake akitafuta mtandao juu ya mawe, akimpigia nani? Bashayer, aliyeko hatua ishirini! Mahfoudha alicheka mpaka machozi. Naye akatoa yake. Akamsimulia Unguja, nyumba yao Malindi, mama yake mzazi, Mmakunduchi khasa, Mwafrika wa shamba, aliyekuwa akicheza ngoma mpaka baba yake Mahfoudha, Mwarabu wa watu, anajificha kwa aibu, kisha anachungulia. Walikula ile harisa yote kwa kijiko kimoja. Mvua ikazidi kupiga bati juu yao na wao wakazidi kupaza sauti, na Mahfoudha akajiona yuko kwake.

Ilipofika saa tatu alitoa vidonge vyake, sita, akavimeza kimoja kimoja.

"Pole, mama. Ni presha?"

Angesema presha. Neno lenyewe alishaletewa mdomoni. Lakini alikuwa kashiba, kacheka, na mbele yake pana mtu anayesikiliza kwa macho yote mawili, na hiyo ndiyo khabari kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo maishani.

"Presha wapi! Hivi vya figo. Unamwona binti yangu yule, anayechimba mfereji? Kanipa figo lake. Kalikata mwilini mwake akanipa mimi. Nani ana mtoto kama huyo, Polini? Niambie. Nani?"

Pauline aliweka kikombe chini. "Aki ya Mungu," alisema taratibu. "Huyo ni malaika."

"Lakini usiseme kwa bibi yako. Bado hajui."

"Mama, mimi kwa ile nyumba huwa sioni wala sisikii. Ndiyo maana nimekaa miaka sita."

Na alikuwa anasema kweli.

Alasiri mvua ilipungua ikawa manyunyu. Saud akatandika mkeka chini ya turubai lao, wakakaa wote, na Pauline akasimama na dalla, birika ya kahawa, mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, akipita kwa kila mtu. Umm Saud siku hiyo alikuwa na maneno. Yalikuwa machache, lakini yalikuwa yamepangwa.

"Nimesikia mnacheka sana asubuhi," alimwambia Mahfoudha kwa Kiarabu. "Kumbe lugha yenu ni moja na ya huyu mfanyakazi?"

Thani aliangalia kikombe chake. Bashayer akafungua mdomo, "Ndiyo khala, sisi..." lakini mama yake akamwahi.

"Hapana! Lugha ya watu wa kazi tu, tumeiokota kwa watumishi. Yake na yetu mbalimbali."

"Lakini nyinyi mlizaliwa huko."

"Tulipita. Biashara ya baba. Sisi asli yetu inajulikana."

"Na mama yako, Mungu amrehemu? Alikuwa wa huko?"

Manyunyu yalikuwa yanagonga turubai. Mahfoudha alimwona Saud akimtazama, akaona na goti la Bashayer limegusa ukingo wa mkeka upande wa Saud, na akaona hilo la nasaba ndilo swali lenyewe, yote mengine ilikuwa njia ya kufikia hapo.

"Mama yangu Mwarabu," alisema. "Mwarabu kwa baba na kwa mama. Hawa wengine ni watumwa wetu tu tuliowalea, basi wakatuzoea."

Alisema hivyo hivyo, kwa Kiarabu, na mkono wake ukamwelekea aliyeshika dalla.

Pauline alimimina kahawa. Hakumwaga hata tone. Akampa Mahfoudha kikombe kwa mkono wa kulia kama inavyotakiwa, akangoja amalize, akakipokea, akaenda kwa Thani.

Jumapili kulipambazuka jua. Watu wa barabara walikuwa wameshapitisha tingatinga, magari ya kwanza yakaanza kuvuka. Mahfoudha alikuwa anakunja mashuka yaliyonuka ukungu pale Umm Saud alipokuja mlangoni. Safari hii hakukaa.

"Nimekuja kukuaga. Mungu akupe afya, Umm Thani, na amlinde aliyekupa figo." Akaitazama ile ndoo iliyojaa. "Saud ni mwanangu wa pekee. Mimi nataka wajukuu, sitaki kukaa kwenye mabenchi ya hospitali. Msinilaumu."

Akageuka akaenda zake, anashika abaya yake isiguse matope.

Miguu ya Mahfoudha ilimpeleka nyuma ya karavani ya pili kabla akili haijamfikia. Pauline alikuwa anasuuza masufuria kwenye bomba.

"Polini! Umenifanya nini?"

"Asubuhi njema, madam," Pauline alijibu kwa Kiarabu.

"Sema na mimi! Umemwambia!"

Pauline alifunga bomba. Aliposema, alisema Kiswahili, polepole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

"Aliniuliza tulikuwa tunachekea nini. Kila siku huniuliza mambo ya watu na mimi husema sijui. Jana pia ningesema sijui. Nilikuwa nimeshaamua hivyo rohoni." Akaipangusa mikono yake kwenye dera. "Lakini mama, Kiarabu nasikia. Miaka sita. Ulidhani nilikuwa nasikia nini, pale nimesimama na kahawa? Mimi si mtumwa wa mtu. Na wewe mamako si alikuwa wa huko kwetu? Huyo hata mimi nilimpenda, na sikumjua."

"Mtoto wangu kakukosea nini?"

Hapo Pauline alitazama pembeni. "Hajanikosea," alisema. "Hilo nitalijibu kwa Mungu." Akafungua bomba.

Mahfoudha alirudi akiteleza. Bashayer alikuwa kasimama kando ya gari, simu mkononi, uso hauna damu.

"Saud kaniambia mamake anajua. Yeye anasema hajali, atakaa naye, atamwelewesha, nimpe miezi miwili mitatu." Akaishusha simu. "Ila mamake hataki kusema kajulia wapi. Mama. Umesema?"

Hapa ndipo palipokuwa na kila kitu. Neno moja tu. Angesema ndiyo, Bashayer angelia, angemchukia mwezi, mwaka, na kule kijana angebaki na miezi yake mitatu ya kumbembeleza mamake. Mahfoudha aliliona hilo waziwazi, hawezi kuja kusema kwamba hakuliona. Aliona na meza yake ya Mabela na kiti cha Bashayer kitupu, na wanawake wote wakijua kwa nini.

"Mimi? Yule mwanamke hata salamu hanijibu, nimpelekee siri ya mwili wako? Wallahi, Bashayer, mimi sikumwambia Umm Saud neno hata moja."

Na kiapo kilikuwa cha kweli. Kila herufi yake.

"Na Thani hakuzungumza naye kabisa," Bashayer alisema, zaidi kwa nafsi yake.

"Mtoto wa kiume kwa mamake," Mahfoudha alisema kwa upole, akiingia garini. "Hawafichi kitu hao. Usimlaumu sana."

Bashayer alivuka zile hatua ishirini. Saud alikuwa kapiga magoti, anafunga mnyororo wa karavani kwenye gari. Akainuka. Kutoka kwenye kioo, Mahfoudha alimwona akitikisa kichwa, akiweka mkono kifuani, kisha akiinyoosha mikono yote miwili kama anayeonyesha haina kitu. Kitufe cha kushushia kioo kilikuwa chini ya kidole chake. Alikigusa. Kioo kilishuka upana wa kidole, sauti ya Saud ikaingia, "wallahi, Bashayer, wallahi," na Mahfoudha akakipandisha.

Bashayer alirudi, akakaa kiti cha mbele, akafunga mkanda.

"Twende, Thani."

Wiki ile nyumba ya Mabela ilijaa kuliko sikukuu. Viatu mlangoni vilifika barabarani. Kheiria, jirani wa ukuta mmoja, alikuja na sahani ya visheti, akavuta mto, akasema, "Haya shoga, anza mwanzo, mimi sikusikia vizuri. Mwanamume mzima, siri ya mchumba wake, kampelekea mamake?"

Mahfoudha alianza mwanzo. Ilikuwa mara ya tatu siku hiyo, na ilishanyooka, inakwenda yenyewe. Mvua, turubai, ndoo, yule bibi na maneno yake ya kuhesabu, kijana kupiga magoti kwenye matope. Polini hakuwemo. Wanawake walishika mashavu, wakasonya panapostahili kusonya.

Bashayer alikuwa amekaa karibu na mlango, anawamiminia chai.

"Umeruka kitu, Mama," alisema bila kuinua macho. "Waambie na lile la kuapa. Saud alivyosimama pale akamtaja Mungu, mara mbili."

"Ah, kweli," alisema Mahfoudha. "Na akaapa."