Lugha Aliyoijua Peke Yake

Injinia alikuwa na mimba ya miezi saba na hofu ya umri huohuo. Mimba hakuweza kuificha. Hofu aliibana kwapani akaenda nayo kazini kila asubuhi, kwenye kampuni ya kusambaza dawa ambako yeye ndiye aliyeandika programu zote, na ambako jina la Injinia lilikuwa limemganda hata mlinzi wa getini hakulijua jingine.

Hofu yenyewe ilianzia kwenye kiti. Mhasibu wa zamani alikwenda likizo ya uzazi, akaaga vizuri, akachangiwa hadi beseni la kumwogeshea mtoto. Aliporudi alikuta kiti chake kimekaliwa na binti mmoja mwepesi wa kucheka, naye akasogezwa kwenye meza iliyotazamana na mlango wa choo, eti kwa muda tu. Muda huo haukwisha mpaka alipoacha kazi mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza, na hilo ndilo lililotisha zaidi.

Sasa kampuni ilitaka tovuti mpya, ili wenye maduka ya dawa waagize mzigo bila kupiga simu, na Injinia ndiye aliyeambiwa achague ijengwe kwa lugha gani na zana zipi. Njia rahisi ilikuwepo: PHP, lugha kongwe ya tovuti ambayo hata Miwani aliijua. Miwani ni yule kaka wa meza ya pili, mpole, aliyeanza kwa kutengeneza printa akapanda taratibu hadi kwenye programu. Kwa PHP kazi ingekwisha upesi, na Miwani angeweza kuilea tovuti mwenyewe. Hapo ndipo roho ya Injinia ilipokuwa ikiruka. Kwani mtoto akishapata wa kumlea, mama wa nini?

Njia ya pili ilikuwa Rust, lugha yenye kasi kubwa na masharti kushinda ya mganga. Injinia alijifunza mwenyewe nyumbani, polepole, kwa kupenda tu. Ofisini hakuna mwingine aliyeijua hata salamu yake.

Mama mkwe, aliyekuja kumsaidia kungojea kujifungua, alimwona anavyosukuma sahani pembeni akamuuliza kinachomsumbua. Injinia akajibu kwamba anachagua lugha. Mama wa watu akashangaa: binadamu wanashindwa kusikilizana kwa lugha walizozaliwa nazo, hawa wanatafuta nyingine za kuzungumza na mashine? Kisha akairudisha sahani mbele yake, akamwambia ale, maana mtoto hashibi mawazo.

Kikaoni Injinia alisema mpaka basi. Alisema PHP ni nzuri ila imezeeka, ingawa alijua kwamba mzee huyo bado ana nguvu zake. Alionyesha michoro ya kasi, akataja usalama wa taarifa za wateja, akapamba hadi yeye mwenyewe akakaribia kuyaamini. Ukweli ni kwamba kwa tovuti ya kuagizia dawa za kikohozi, Rust ilikuwa sawa na kukodi lori la kubebea kitunguu kimoja. Miwani alimtazama kwa juu ya miwani yake, akaelewa kila kitu, wala hakupinga. Aliuliza jambo moja tu.

"Dada, ukiwa leba na tovuti ikaanguka, nimpigie nani?"

Injinia akacheka kicheko kikavu. Kabla hajajibu, Mkurugenzi, mtu wa sauti ya chini asiyewahi kumkemea yeyote, akamjibia.

"Atapigiwa yeye. Siku hizi simu inaingia hata wodini. Na ile likizo, Injinia, tutakaa tuone namna ya kuikatakata. Mfumo kama huu hatuwezi kuuacha yatima."

Alisema kwa heshima, kama mtu anayetoa zawadi. Mtoto alipiga teke tumboni. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alitaka wamhitaji, na sasa walimhitaji kweli.

Kesho yake alikwenda kwa Mkurugenzi kusema amefikiri upya, PHP inatosha kabisa. Mkurugenzi akatabasamu. Alikwisha kuwaahidi wateja wakubwa, tena kwa maneno ya Injinia mwenyewe, kasi na usalama, nao wamefurahi mno. Akamsifu kwa kujua kushawishi.

Injinia akarudi mezani, akalia kidogo akisingizia mafua. Ilibaki njia moja tu ya kwenda kujifungua kama watu wengine, nayo ilipitia meza ya pili. Akavuta kiti hadi kwa Miwani.

"Kaka, nataka nikufundishe Rust."

Miwani akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Una hakika, dada?"

"Sina. Washa kompyuta."

Wakaanza. Asubuhi Injinia alimwombea aelewe upesi. Ikifika mchana, akimwona kweli anaelewa, aliomba asielewe sana. Aliionea aibu dua hiyo, na kesho yake akaiomba tena. Nyumbani mama mkwe alikuwa akikunja nguo ndogondogo na kumpa moyo kuhusu uchungu, akidhani ndio unaomnyima usingizi.

Karibu na siku zake za kuondoka, Miwani aliandika sehemu nzima ya maagizo bila kuuliza neno. Ile programu ya kukagua makosa, ambayo siku zote ilimjazia skrini maandishi mekundu, safari hii ikanyamaza. Agizo la majaribio likapita. Miwani akageuka, uso umemng'aa kama mtoto aliyejifunga kamba za viatu mwenyewe.

"Kumbe si ngumu hivyo, dada."

Injinia alimpongeza, na alimpongeza kwa dhati. Kisha akarudi kwenye meza yake, akakaa, akaishika mikono yote miwili ya kiti chake, na hakuiachia mpaka saa ya kutoka.