Kadi za Banda la Korosho

"Saa! Wanataka saa ya ukutani!" Raheli alimkimbilia bosi wake, Ndugu Erasto, hata kabla hajashuka kwenye Landrova. "Nani angewaza?"

Nani, kweli! Lakini Raheli, Bibi Maendeleo mpya, akishapata jambo lake hashikiki. Kijiji hiki cha ujamaa, jirani na Mpapura, kilikuwa kinajengewa banda la kubangulia korosho. Ramani ilishatoka Dar es Salaam: kuta nne, mlango mmoja, basi. Raheli aliganda kama kupe: wanawake watakaobangua waulizwe kwanza. Ndugu Erasto akachoka kubishana. "Waulize. Ila mchana mafundi wanapima msingi. Usipokuwa na jibu la maana, tunajenga la Dar."

Basi asubuhi Raheli alikata maboksi ya sabuni yakawa kadi, kila moja na picha yake: maji ya kunawa, madirisha, mabenchi, saa, chumba cha watoto.

"Karata!" Mwanahawa, kiongozi wa wanawake, aliguna. "Mume wangu akisikia nacheza kamari, nitalala wapi?"

Wakacheka mpaka wakafutana machozi. Raheli akawaambia kila mmoja apange rundo lake, la muhimu lianze. Alipopita kukusanya, juu ya karibu kila rundo alikuta saa.

"Saa tutaitundika mlangoni," sasa alimweleza Ndugu Erasto mbele ya wote. "Chumba cha watoto tunakifuta. Kimekuwa cha mwisho."

"Cha mwisho?" Somoe, mmoja wa wanawake hao, aliruka. Mgongoni alikuwa na mwanawe, mdomo umebabuka kwa mafuta ya ganda la korosho, aliloliokota mtoto wakati mama yake akibangua. "Bibi Maendeleo, mimi nimekianza hicho!"

"Somoe, kilikuwa chini kabisa."

"Si ndiyo nasema!" Alizinyakua kadi kwa hasira, akapiga magoti. Akaweka ya watoto kwanza, pwa! Juu yake maji. Juu yake madirisha. Saa akaitupia juu, kama mtu anayemalizia tenga la mihogo: mikubwa chini, midogo ya kujazia juu.

Raheli akashika kichwa. Mungu wangu, alikuwa amesoma marundo yote kichwa chini miguu juu! Aibu ikampanda, na furaha ikaipita aibu mbio. Akayageuza marundo moja baada ya jingine huku akipiga kelele: "Watoto! Watoto! Na hapa watoto!"

"Na saa?" aliuliza Ndugu Erasto.

"Ya nini?" Mwanahawa alimshangaa. "Jua limekwenda wapi?"

Ndugu Erasto hakutaka kudanganywa mara mbili. Akawaomba wapange tena, mbele yake, kila mmoja akitaja kwa sauti anachokiweka kwanza. Wakapanga. Alipomsikia wa mwisho akakunja ramani ya Dar, akaitia mfukoni.

"Bibi Maendeleo, waonyeshe mafundi chumba kinakaa wapi."

Raheli alichota majivu jikoni kwa Mwanahawa, akachora mistari minne chini. Hakuna ukuta bado, hakuna hata tofali. Somoe hakungoja. Alifungua kanga, akamketisha mwanawe katikati ya mistari, akarudi kwenye korosho zake, mgongo mtupu.